Shanga Ndani ya Maji ya Ng'ombe

Nyanchera anaishi Nyansiongo. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa, na kila asubuhi humsalimia kabla ya kumsalimia mumewe, Machogu.

Jumatatu moja, baada ya mvua kubwa, alimpeleka ng'ombe kunywa kwenye kidimbwi nyuma ya zizi. Ndani ya maji aliona uzi mrefu unaoteleza, wenye vitone vyeusi kama shanga zilizotungwa. Aliogopa sana.

"Ni Linet!" alimwambia Machogu. Linet ni jirani yao. "Jana alipita hapa akimsifu ng'ombe wetu. Leo kuna uchawi majini. Sabato nitasema kanisani, mbele ya watu wote."

"Ngoja kwanza," Machogu alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Mchana alikuja Phanice, daktari wa mifugo, kumchanja ng'ombe. Nyanchera alimwonyesha ule uzi.

"Mama, haya ni mayai ya chura," Phanice alisema.

"Chura? Hapa hakuna kinamasi!"

"Huyu hahitaji kinamasi. Ngozi yake ni kavu, ina vinundu. Huishi nchi kavu, nyikani hata milimani. Huja majini kutaga tu. Lakini usikubali maneno yangu bure. Weka uzi huo kwenye beseni, pamoja na maji ya kidimbwi. Kisha ungoje."

"Na ng'ombe wangu?"

"Mpe maji safi kwenye pipa lililoinuliwa. Kidimbwi waachie vyura. Watakula wadudu wanaokata miche yako ya kabeji. Ukimgusa chura, nawa mikono, maana ngozi yake ina sumu."

Siku ya nne, viluwiluwi, watoto wa chura, walikuwa wakichezesha mikia ndani ya beseni. Nyanchera aliona aibu. Siku zote hizo hakumsalimia Linet.

Alibeba beseni mpaka kwa Linet, akamweleza yote bila kuficha.

Linet aliwatazama viluwiluwi. "Mama yangu alisingiziwa hivyo nikiwa mdogo," alisema. "Tukahama, tukaacha nyumba. Hakuna aliyekuja kusema pole."

"Nisamehe, dada yangu."

"Nimekusamehe. Ingia tunywe chai."

Sasa miezi miwili imepita. Ng'ombe hunywa maji safi, na miche ya kabeji haikatwi ovyo. Juzi mama yake Linet alikuja kutembea. Mtu wa kwanza kumpelekea maziwa alikuwa Nyanchera.