Usukani wa Bakhit

Asubuhi Thani alifunga usukani mpya kwenye pikipiki ya Yaarub, kijana wa jirani, akaukaza vizuri kwa spana, akaenda kula. Alipoamka usingizi wa mchana aliukuta umepinda. Haukuwa na ufa wala mkwaruzo. Umeshuka tu na kurudi nyuma, mpana, kama pembe za ng'ombe mzee.

"Nani kaingia gereji?" alimuuliza mkewe, Nasriya.

"Ataingia nani, na ufunguo unao wewe?"

Nasriya alimwona Thani akijifuta viganja kwenye nguo, na viganja vyenyewe vikavu.

Gereji ilikuwa uani mwa nyumba yao, Mutrah. Walitoka Unguja baada ya mapinduzi, wakakaa Kuwait, na Oman ilipofunguliwa milango mwaka wa sabini wakaja Maskati pamoja na kaka yake Nasriya, Bakhit, na mama yao, Bi Mahbuba. Thani na Bakhit walikuja na wazimu mmoja: mbio za pikipiki zisizo na breki, za kuzunguka uwanja wa changarawe, daima kukata kushoto, gurudumu la nyuma likiteleza na kurusha vumbi. Kila Ijumaa alasiri vijana walikusanyika uwanda wa Ruwi kuwatazama.

Ugomvi wao ulikuwa usukani. Bakhit alipenda ule wa zamani, mpana, ulioshuka hadi karibu na mapaja, wa zama zile mpandaji alipouburura mguu nyuma. Thani alimcheka. Alisema dunia imekwenda: mguu sasa hutangulizwa mbele, usukani umefupishwa na kuinuliwa kifuani, na upande wake wa kushoto haukai sawa na wa kulia, maana kona zote ni za kushoto.

"Wewe wapanda jeneza la babu yako," alimwambia.

"Basi nishinde, shemeji," Bakhit alijibu, na kila Ijumaa akamwacha nyuma, watu wakamcheka Thani mwenye usukani wa kisasa.

Hadi Ijumaa ile usukani wa Bakhit ulipokatika konani. Akaanguka mbele ya pikipiki za wenzake, akafa pale pale. Wa kwanza kumfikia alikuwa Thani, na Nasriya aliyaona kwa macho yake: mumewe aliinama akaokota kipande cha usukani kwanza, ndipo akamgeukia maiti.

Bi Mahbuba hakulia. Alikuwa na rohani kichwani, jini la ukoo alilorithi kwa bibi yake. Baada ya maziko alilifukizia udi shati la mwanawe, akasema maneno machache tu: "Rohani mwenyewe ameshaona."

Sasa sukani zilianza kupinda. Thani akiubadilisha wa Yaarub leo, kesho wa mteja mwengine umeshuka na kurudi nyuma. Akavinunulia vyuma hivyo jiliwa kubwa, kifaa cha kubania, akavibana. Navyo vikapindia humo humo kwenye jiliwa. Ikaja na harufu: mafuta ya nyonyo yaliyoungua, yale Bakhit aliyokuwa akiyatia kwenye injini yake siku za mbio. Iliingia jikoni, ikakaa kwenye wali, ikakaa kwenye nywele za Nasriya hata akizifukiza.

Siku moja, jua la utosini, mtaa mzima umelala, Nasriya alisikia chuma kinalia uani. Akachungulia kwenye tundu la dirisha. Pikipiki ilikuwa imesimama peke yake katikati ya ua, hapana mtu, na usukani wake ulikuwa ukishuka polepole kama uzi wa sukari iliyoyeyushwa, huku ile mipira ya kushikia ikibonyea na kuinuka, ikibonyea na kuinuka, kama inayokamatwa na vidole vinavyojirekebisha, na chini ya kila mpira likidondoka tone la jasho kwenye mchanga mkavu, na kivuli kilichokuwa mchangani hakikuwa cha pikipiki tupu, kilikuwa na mabega, na mabega yale Nasriya aliyajua tangu utotoni.

"Kaka," alinong'ona.

Kivuli kikageuza kichwa upande wa chumba alimolala Thani.

Walimwita Maalim Marhoon kutoka Bahla, mtu wa kuwatoa majini, mpole, mwenye sauti ndogo. Alifika kabla ya adhuhuri, akakaa gereji na chetezo chake, akasoma sana. Kisha akamtazama Thani.

"Huyu hakupotea njia. Katumwa, na ana haki," alisema. "Nnakuuliza, bwana, pana damu baina yenu?"

"Hapana damu, Maalim."

"Nnakuuliza tena."

"Nimeshasema hapana."

Maalim akafunika chetezo. "Basi mimi sina kazi hapa."

Hajafika mlangoni, harufu ya nyonyo ikajaa gereji hata macho yakawasha, na mikono ya Thani ikanyooka mbele yake bila yeye kuinyoosha, vidole vikajikunja kama vilivyoshika kitu, kisha mikono ikafunguka mapana, ikashuka, viwiko vikatoka nje, viganja vikavutwa nyuma taratibu hadi usawa wa mapaja, na kila ilipovutwa mfupa ulilia kama kile chuma kilivyolia uani, naye akipiga magoti na kuzungumza haraka, maneno yakigongana mdomoni.

"Nilimkatia. Nilipitisha msumeno chini ya mpira, pasipoonekana. Nilitaka aanguke tu, wallahi, aanguke watu wamcheke. Sikutaka afe."

Maalim Marhoon alifumba macho. Kilio cha mifupa kikakoma, lakini mikono haikurudi. Ilibaki vile vile, mipana, imeshuka, imeshika hewa.

Nasriya hakumgusa. Alijitanda buibui lake, akatoka na jua lile lile hadi kwa mama yake.

Bi Mahbuba alikuwa akichambua mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Daktari hatoinyoosha ile mikono," alisema. "Rohani nimemtuma mimi, nikimwambia aachie, ataachia. Lakini yule ni mumeo, na aliyekufa ni kaka yako. Sema wewe, mwanangu. Nimwambie?"

Nasriya alivuta sinia, akaketi, akaanza kuchambua naye. Alitoa jiwe moja, akatoa jengine. Kutoka upande wa nyumbani kwake, mbali, sauti ya mwanamme ilikuwa ikiita jina lake.

"Bado, mama," alisema.