Kitambaa cha Pareto

Miaka ile ya sitini, mtu aliyesimama kwenye kilima kilicho juu ya soko la Nyaramba asubuhi ya Julai aliona miteremko yote imejaa maua meupe ya pareto. Chai ilikuwa imeanza kupandwa, lakini haikuwa imetawala kama leo. Karibu kila boma lilikuwa na kishamba chake cha pareto, na watoto walijua kuchuma kabla ya kujua kusoma. Wazee wanaozikumbuka siku hizo hushusha pumzi wakizitaja, maana ile harufu ya maua yakikauka juani haisikiki tena huko, nao waliokuwa wakichuma pamoja wametawanyika.

Mwaka wa 1968 msichana Bonareri alikuwa darasa la sita. Baba yake alifanya kazi Kericho, kwenye mashamba makubwa ya chai, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote walikuwa yeye na mama yake, Drusilla, wawili tu. Akitoka shule saa tisa alitupa vitabu kitandani, akala ndizi ya kuchemsha akiwa amesimama, akachukua kitambaa chake cha kichwa na kuteremka shambani.

Kitambaa hicho kilikuwa chekundu chenye maua ya manjano. Baba alimletea kutoka Kericho, naye alikipenda kupita kiasi. Shambani alikifunga kiunoni kikawa mfuko, akajaza maua mpaka kikatuna. Akisha kuyamwaga kwenye mkeka wa kuanikia, alikikung'uta mara mbili tatu, akajifuta nacho jasho usoni, kisha akajifunga kichwani na kwenda kuteka maji. Siku ya Sabato alikwenda nacho kanisani. Mama alimwambia mara nyingi akifue. Bonareri aliitikia vizuri sana, na hakukifua hata siku moja, kwa kuogopa rangi isije ikachujuka.

Katikati ya Julai uso wake ulianza kumvuta. Ngozi ya mashavu ilikaza, kisha ikawasha. Asubuhi moja alijitazama kwenye kioo kidogo kilichotundikwa karibu na mlango, akaona magamba membamba meupe yakibanduka kwenye paji la uso na kandokando ya mashavu. Alidhani ni uchafu. Alichukua kipande cha sabuni ya kufulia na lile jiwe la kusugulia visigino, akausugua uso mpaka machozi yakamtoka. Kwa muda wa saa moja uling'aa. Ilipofika jioni ulikuwa umepasukapasuka, ukimuuma hata akitabasamu.

Shuleni alikaa dawati moja na Bosibori, na walikuwa wamekaa hivyo tangu darasa la kwanza.

"Wewe, uso wako unabanduka kama kiazi cha kuchemsha!" Bosibori alimwambia, na wote wawili wakacheka. Kisha Bosibori akapunguza sauti. "Lakini si jambo la kucheka. Shangazi yangu wa Kenyenya alisema kuna msichana wa kwao alianza hivyo hivyo. Ikawa ni ukoma. Gari likaja likamchukua, likampeleka hospitali ya mbali. Mpaka leo mama yake hajamwona."

Bosibori hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda habari tu, na habari ikimjia mdomoni haikai. Lakini alipokwisha kusema alisogea kidogo kwenye dawati, nafasi ya kitabu kimoja, na Bonareri akaiona nafasi hiyo.

Tangu saa hiyo hakuwa na wazo lingine. Kama watu wangeuona uso wake, gari lingekuja. Mama angebaki peke yake na pareto na mtungi wa maji, na yeye angelala mahali asipomjua mtu. Alipofika nyumbani alikifunga kitambaa chake kuzunguka mashavu na kidevu, kama wafanyavyo watu wenye maumivu ya meno, akakivuta juu mpaka kwenye nyusi, akabaki macho na pua tu.

"Una nini?" mama alimuuliza.

"Jino linaniuma, mama."

Drusilla alimtazama kwa muda mrefu. "Pole," alisema, kisha akageukia moto na kuanza kusonga ugali. Bonareri alishangaa kidogo. Mama yake hakuwa mtu wa kuuliza swali moja na kuacha.

Kwa siku nne alikwenda na kitambaa usoni, nyumbani, shuleni na kanisani. Ndani ya kitambaa uso uliwaka moto. Kope zikavimba. Kila alipokifungua kwa siri kule mtoni aliona magamba mapya, mengi kuliko ya jana, akakifunga tena kwa nguvu zaidi. Maskini, hakujua alilokuwa akijifanyia.

Jumatatu ilikuwa siku ya ukaguzi wa usafi. Wanafunzi walisimama mistari, na Mwalimu Abigael akapita akiangalia kucha, masikio na kola za mashati. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya upole na jicho lisilokosa kitu. Alisimama mbele ya Bonareri.

"Bado ni jino?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Tangu Alhamisi? Basi hilo si jino la kufungwa kitambaa, ni la kung'olewa." Akaandika barua pale pale juu ya goti lake. "Mpe mama. Kesho asubuhi akupeleke zahanati. Na wewe Bosibori, utafuatana naye uhakikishe barua imefika."

Barua ikafika. Bosibori aliikabidhi mwenyewe, kwa mikono miwili.

Zahanati ilikuwa nyumba ndefu ya mabati yenye benchi nje na harufu ya dawa ndani. Mtumishi wake alikuwa dresa, yaani mganga msaidizi wa kufunga vidonda na kugawa dawa, jina lake Ombati, ambaye kila mtu alimwita daktari, naye hakujisumbua kuwasahihisha. Alivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama, na soksi ndefu mpaka magotini. Juu ya jiko la mafuta ya taa kulikuwa na sufuria, na ndani ya sufuria koleo la meno likichemka.

"Bwakire, mama," dresa alimwamkia Drusilla kwa Kigusii.

"Bwakire buya, daktari."

"Mgonjwa wetu ni huyu? Haya, keti hapa. Teremsha kitambaa kidogo, mdomo tu. Fungua. Jino gani?"

Bonareri alikuwa ameliwaza jambo hilo njia nzima. Jino ni kitu kidogo, alijiambia. Aling'oe, damu itoke, nami nirudi nyumbani na mama. Akaonyesha jino la nyuma, upande wa kushoto.

Dresa Ombati aligonga jino hilo kwa kijiko. "Linauma?"

"Sana!"

Akagonga lingine. "Na hili?"

"Hilo pia," alisema Bonareri haraka, kisha akafikiri. "Hapana. Hilo haliumi."

"Mh." Dresa alichungulia kila pembe ya mdomo kwa kurunzi. "Meno haya ni mazima kuliko yangu. Lakini mwenye mdomo amesema linauma, nami nitabishana naye vipi?" Akaenda kwenye sufuria akalitoa koleo, maji ya moto yakidondoka. "Jua tu kwamba hili ni jino la ukubwani, mwanangu. Nikiling'oa halioti lingine. Fungua."

Bonareri akafungua. Alifumba macho, akashika ukingo wa kiti. Koleo likagusa mdomo wake wa chini, likiwa bado na joto, na hapo ujasiri wote ukamwisha.

"Si jino!" Alikivuta kitambaa, akakitupa sakafuni, na kilio alichokuwa amekizuia kwa siku nyingi kikamtoka chote. "Nina ukoma! Ng'oa meno yote ukitaka, daktari, lakini usiite gari. Usinitoe kwa mama!"

Uso wake ulikuwa umevimba, umebanduka vipande vipande kutoka paji la uso mpaka kidevuni. Aligeuka kumtazama mama yake, akitegemea kumwona ameshtuka. Drusilla hakuwa ameshtuka. Alikuwa akilia kimya kimya pale kwenye benchi, leso yake mdomoni.

"Nilijua," alisema. "Kila asubuhi nilikuta magamba kwenye mto wake. Nikaukung'uta mto nje, nikanyamaza. Nilisema nikimleta hapa mtamchukua. Ninaye huyu mmoja tu, daktari."

Dresa Ombati alilirudisha koleo kwenye sufuria, akavuta kigoda akaketi kati yao. Hakuonekana kuwa na haraka tena.

"Fumba macho, Bonareri. Nikikugusa, sema."

Alichukua kijiuzi cha pamba akamgusa shavuni. "Sasa," akasema Bonareri. Akamgusa kidevuni. "Sasa." Penye magamba zaidi, kwenye paji la uso: "Sasa. Inawasha."

"Vema. Mara nyingi baka la ukoma hupoteza hisia, hata ukilichoma halisikii. Lako linasikia hata pamba. Tena tazama hapa, mama. Ngozi mbovu inaishia kwenye mstari, kama imepimwa. Chini ya mstari, shingo ni nzuri kabisa. Ugonjwa gani unaotembea na rula?" Aliinama akaokota kitambaa, akakinusa. Akapiga chafya tatu mfululizo, kubwa, mpaka kuku waliokuwa mlangoni wakakimbia.

"Pareto!" alisema, akijifuta macho. "Mnachumia maua kwenye hiki?"

"Ndiyo," alijibu Bonareri.

"Na unajifuta jasho nacho. Na unakivaa. Kimefuliwa lini?"

Bonareri aliinamisha kichwa.

"Niambie ukweli, leo ni siku yake."

"Hakijafuliwa tangu baba akilete. Na uso niliusugua kwa sabuni ya kufulia. Na kwa jiwe la miguu."

"Jiwe!" Drusilla alishika kichwa. "Nami asubuhi hii nilimkazia kitambaa vizuri, nikisema asipigwe na baridi!"

Dresa akacheka, na Drusilla akajikuta anacheka pia huku machozi bado yanamtoka.

"Sikilizeni," alisema Ombati. "Pareto inaua wadudu, ndiyo maana wazungu wanainunua. Vumbi lake ni kali. Wengine wanachuma pareto maisha yao yote bila neno, na wengine ngozi zao zinaikataa, kama hii. Mwezi huu wa baridi kavu ngozi ilikuwa tayari imekauka. Ukaipaka vumbi, kisha ukaitoa mafuta yake yote kwa sabuni kali, ukaichubua kwa jiwe, halafu ukaifungia ndani pamoja na vumbi lile lile. Hata ningekuwa mimi ningebanduka."

Alimpimia dawa nyeupe ya kupaka kwenye kikopo, akamweleza polepole la kufanya, na kumfanya arudie. Kitambaa kifuliwe kabla ya kuvaliwa tena. Asichume pareto mpaka apone, na baada ya hapo anawe mikono kabla ya kugusa uso. Kwa sasa aoshe uso kwa maji ya uvuguvugu matupu, bila sabuni, bila kusugua, aukaushe kwa kuubonyeza na kitambaa safi, kisha ajipake mafuta yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Magamba yaachwe yatoke yenyewe. "Na ukiona malengelenge au usaha, urudi siku hiyo hiyo. Bila jino."

Walipoinuka kuondoka, alimzuia Drusilla mlangoni.

"Mama, ungemleta siku ya kwanza, tungekuwa tunazungumza habari ya kikopo kimoja cha mafuta. Hata kama ungekuwa ukoma, siku hizi ukoma una dawa, na anayekuja mapema ndiye anayepona vizuri. Mtoto amejificha kwako, nawe umejificha kwake, na ngozi ikaendelea kuungua. Mimi siwezi kutibu kitu nisichoonyeshwa."

"Nimesikia, daktari," alisema Drusilla kwa sauti ndogo.

Uvimbe uliisha baada ya siku tano. Magamba yalichukua wiki tatu. Bosibori alipoambiwa ni pareto, alirudi kukaa karibu kwenye dawati bila kuombwa, na kwa muda wa wiki nzima aliitangaza habari hiyo mpya kwa bidii ile ile, akamsaidia mwenzake kuliko alivyokusudia.

Agosti, makambi ya kanisa yakaanza. Waumini walikuja kutoka Itumbe na Nyaramba na hata mbali zaidi, na magodoro vichwani na sufuria mikononi, wakajenga vibanda vya migomba uwanjani, na kwa wiki nzima kukawa na nyimbo tangu alfajiri. Wale waliokuwa watoto wakati huo husema hawajala tena mahindi matamu kama yale ya makambini. Asubuhi ya Sabato, ndani ya kibanda chao, Drusilla alimwosha binti yake uso, akaubonyeza kwa kitambaa cheupe, akaanza kumpaka mafuta kwa vidole viwili, polepole, ingawa Bonareri alikuwa na umri wa kujipaka mwenyewe.

"Mama," alisema Bonareri, "ulipoona magamba kwenye mto, kwa nini hukuniuliza?"

Mkono wa Drusilla ulisimama shavuni mwake.

"Niliogopa ungeniambia ndiyo." Akaendelea kupaka. "Kuogopa si kosa, mwanangu. Kosa letu ni kwamba kila mmoja aliogopa peke yake, nyumba moja, sufuria moja. Siku nyingine ukiona kitu kwenye mwili wako, uje uniambie siku hiyo hiyo, hata kama kinatisha. Nami nikiona, nitakuuliza. Tutaogopa wawili, halafu tutakwenda kwa daktari."

"Ndiyo, mama," alisema Bonareri.

Kengele ya ibada ikalia. Akatoka nje kwenda kuimba na wenzake, uso wazi.