Usiku Mfupi wa Wadi ya Sita

"Nyoka yumo kwenye friji?"

"Yumo," Sunniva Tveitå alijibu kwa fumbo lao la mwizi, simu kaibana begani. "Chupa zote kumi na mbili ni bandia."

Kalamu yake ya miale ilikuwa bado inawaka. Dawa halisi ingeng'aa buluu chini ya mwanga ule. Hii ilikaa kimya, maji matupu.

"Halisi bado zimo humo ndani," alisema Halvard, mkuu wake. "Tangu jana alfajiri polisi wanapekua kila anayetoka. Lakini kibali chao kinaisha leo saa nane mchana. Na mtoto?"

"Sindano yake ni saa nane hiyo hiyo."

"Basi una dakika ishirini."

Simu ikakatika.

Mtoto alikuwa na siku nne duniani, hata jina hajapewa. Dozi ya saa nane isipopatikana, moyo wake usingefika jioni.

Kwa wauguzi wa Wadi ya Sita, hospitali ya Lyngheim, Bergen, Sunniva alikuwa mkaguzi wa ubora tu, mwenye fomu na kalamu. Bastola ya Glock iliyo chini ya koti la mvua hawakuijua. Wakaguzi hawapendwi popote, lakini hapa alichukiwa kwa moyo mmoja. Saa tano wote walikula mikate yao na jibini ya kahawia mbele yake, na hakuna aliyemwambia karibu.

Alifungua daftari la friji. Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, kila nusu saa joto lilikuwa limeandikwa. Nyuzi nne. Nyuzi nne. Nyuzi nne. Pembeni, herufi mbili: B.H.

"Borghild Håland," sauti ilisema nyuma yake.

Fredrik Aursnes, mkuu wa ubora wa hospitali nzima. Tai imenyooka, kisanduku cha chakula kwapani.

"Muuguzi wa zamu ile," aliendelea. "Mkaidi kama punda. Mkamate."

"Ulikuwepo usiku huo?"

Aursnes alicheka. "Mimi? Miaka kumi na tisa kazini, sijakesha hata mara moja. Kukesha ni kwao."

Akaenda zake.

Sunniva alimkuta Borghild kando ya kitanda cha mtoto, mwanamke mpana mwenye macho ya kutisha. Akamwekea daftari usoni.

"Hii sahihi ni yako?"

"Mama makaratasi, niondokee. Nina mtoto hapa anapigania roho."

"Dawa yake imeibwa. Na daftari linasema ni wewe."

Borghild alipauka uso. Kisha akalinyakua daftari, akalisoma kwa hasira, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

Kidole kikasimama.

"Saa nane na nusu usiku?" Akatoa kicheko kikali. "Jumamosi ile? Muulize muuguzi yeyote nchi hii! Ndio usiku mfupi, dada. Saa nane ikigonga nchi nzima tunairusha saa mbele mpaka tisa, kuanza majira ya joto. Tunaungoja mwaka mzima, tunakwenda nyumbani mapema. Hiyo saa nane na nusu haikuwepo Norway nzima!"

"Kwa hiyo aliyeandika..."

"Hajawahi kukesha wadini. Kakaa ofisini kwake anajaza nafasi za daftari tu, mwizi mkubwa!"

Sijakesha hata mara moja.

Na kisanduku cha chakula. Karibu saa nane mchana! Hapa Bergen kila mtu anakula saa tano.

Sunniva alikimbia.

"Halvard, ni Aursnes. Funga geti."

"Kibali kimebaki dakika nane."

"Zinatosha."

Alimkuta kwenye ngazi za kushukia maegesho, ghorofa ya nne. Glock ikatoka.

"Kiweke chini, Fredrik."

Aursnes aligeuka. Akakining'iniza kisanduku juu ya uwazi wa ngazi. Chini kabisa, saruji.

"Hatua moja tu na naachia. Kuna watu wanaisubiri dawa hii bandarini. Utamwambia nini mama wa mtoto? Kwamba fomu zako zilikuwa sawa?"

Sunniva aliogopa. Mkono wenye silaha ulitulia, lakini moyo ulikuwa kwa mtoto asiye na jina.

Mlango nyuma ya Aursnes ukafunguka.

Beseni la chuma la wagonjwa likatua kisogoni mwake.

Kisanduku kikaponyoka.

Sunniva alijirusha juu ya kizuizi, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine ukinyaka hewani. Vidole viwili vikanasa kishikio chake.

Vikatosha.

"Hiyo ni ya sahihi yangu," Borghild alimwambia mtu aliyelala sakafuni, akihema. "Mshenzi wewe!"

Barafu. Chupa kumi na mbili. Chini ya miale zote ziling'aa buluu. Saa nane kasoro dakika nne.

Sunniva alimfunga Aursnes pingu kwenye kizuizi, akampigia Halvard simu kwa maneno mawili: "Nyoka katoka."

Wadini, Borghild alikuwa ameshashika bomba la sindano.

"Sista," Sunniva aliita mlangoni. "Umetoka kumpiga mtu. Hujanawa mikono."

Borghild alimkazia macho. Kisha akaenda kwenye sinki. Alinawa taratibu, mpaka viwiko, sekunde zote zinazotakiwa. Akarudi, akamchoma mtoto saa nane kamili.

Mtoto akalia kwa nguvu.

Sunniva aliweka alama moja kwenye fomu, akavaa kofia ya koti lake na kutoka mvuani.

"We mkaguzi!" Borghild alimwita. "Kesho saa tano. Njoo na mikate yako."