Mgomba Uliovaa Kanga ya Evaline

Haya yalimpata Evaline, binti wa Leticia, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Msamala. Asubuhi ilikuwa ya kawaida tu. Mama mtu yuko uani anachambua maharage, binti yuko ndani na kompyuta yake, anakohoa. Wiki ya tatu hiyo anakohoa, tangu arudi Lusewa, na kila alichokula kilikuwa na ladha ya udongo.

Lusewa alikwenda na rafiki yake Honorata kupiga filamu fupi ya chuo. Honorata mwongozaji, yeye mhariri. Hadithi yenyewe ya msiba: dada kapotea, mwili haukuonekana, ndugu wanazika mgomba badala yake, kama walivyofanya wazee. Basi watoto hao wa chuo, wasioogopa kitu, wakachimba kaburi la kweli nyuma ya nyumba ya bibi yake Honorata. Ikakosekana sanda.

"Shoga, toa kanga yako tuuvishe," Honorata akasema. "Maigizo tu haya."

Evaline akaitoa. Wamelala shuka moja bwenini miaka miwili, kanga ni nini? Akatangulia kurudi mjini. Honorata akaahidi kuufukua mgomba.

Mwalimu wao, Fulgence, akaikataa filamu. "Sauti ya kilio imekatika. Hariri upya. Na usikilize picha ghafi mpaka mwisho, hata baada ya neno 'kata'. Mhariri anajifunza kwenye vile anavyotupa."

Basi asubuhi hiyo Evaline akasikiliza. Kilio. Majembe. Honorata akasema, "Kata!" Watu wakaondoka wanacheka. Kamera ikasahaulika, ikaendelea.

Honorata akarudi peke yake. Akapiga magoti. Hakufukua. Alishindilia udongo kwa viganja.

"Evaline binti Leticia," akanong'ona, "lala hapa badala yangu."

Evaline akavua visikilizi. Mwaka mzima Honorata alikuwa anakauka kama ukuni kwa ugonjwa usio na jina, na Evaline ndiye aliyemkorogea uji na kumfulia. Siku hizi Honorata kanawiri, mashavu hayo!

Hakulia. Kila picha Honorata alijitaja mwanzoni: "Honorata binti Egidi, tukio la saba." Evaline akalikata jina hilo, akalipachika pale lilipokuwa lake. Akaondoa "badala yangu". Kazi safi. Hata pumzi zililingana.

Kesho yake wakaenda Lusewa, yeye na mama yake. Leticia alibeba jembe.

"Tuufukue, tuuchome, yaishe."

"Hapana, mama."

"Mwanangu, kanga yako iko humo!"

"Nilimlisha kwa mkono huu."

Jua la utosi. Evaline akafungulia sauti kwenye simu, akaiinamisha juu ya kaburi. "Honorata binti Egidi, lala hapa." Mara moja tu. Kisha akaifukia humo flashi yenye picha hiyo aliyoihariri, akakanyaga.

Ndani ya basi kikohozi kikakoma.

Alhamisi Honorata akaanguka bwenini. Hakuamka.

Evaline alikwenda msibani. Alilia na wenzake, akala ugali wa watu, akaaga vizuri. Aliporudi, mama yake alikuwa uani na kikombe cha chai. Kwenye kamba ya nguo ilining'inia kanga. Yake. Imelowa, inachuruzika maji mekundu.

"Mama, nani kaanika hii?"

"Ipi? Kamba tupu hiyo."

Pindoni kulikuwa na fundo. Ndani ya fundo, flashi.

Akaichomeka. Picha yake haikuwemo. Ilikuwemo nyingine, ya tarehe ya siku hiyo hiyo ya msiba. Giza tupu. Mtu anahema karibu sana, kama mwenye nguo mdomoni. Halafu sauti aijuayo, ya upole, ya mwongozaji:

"Shoga, haijakaa vizuri. Rudia."

Uani, Leticia akakohoa. Akatema. Akauliza kwa hasira ni nani kamtilia udongo kwenye chai.