Sahani ya Bibi wa Ubaoni

Mkitaka kucheka, chekeni sasa, maana mbele huko hamtacheka. Zuleha alikuwa jirani yetu hapa Birmingham, mtaa wa Alum Rock, ghorofani juu ya duka la vitambaa, Mzanzibari wa Mkunazini, mjane, na kazi yake ilikuwa kusafisha picha za kale. Naam, kazi hiyo ipo, na watu wameisomea. Karakana ilikuwa Washwood Heath, ndani ya bohari la Bwana Gurmit, Singasinga mpole. Siku hiyo Zuleha alikwenda na bintiye Nunu, wa miaka saba, kwa kuwa shule zilifungwa na Asmahan, mdogo wake Zuleha, anayemlea mtoto siku zote, alikuwa na zamu kazini.

Mezani palikuwa na picha iliyochorwa juu ya ubao, ya Italia, ya zama za Renaisansi. Bibi wa gauni jekundu kaketi, mbele yake sahani tupu. Nyuma yake sakafu ya vigae vyeupe na vyeusi inakimbilia kwenye mlango mdogo ulio wazi. Macho yake hayakuachi. Ukihama, nayo yamo tu.

"Zamani, mwanangu, mtu walimchora bapa kama chapati," Zuleha akamwambia Nunu, mkononi pamba yenye dawa, anafuta vanishi iliyogeuka manjano. "Nyuma yake dhahabu tupu. Hana pa kukaa. Wakaja hawa, wakachokonoa elimu ya Wayunani na Warumi, wakapasua maiti waone misuli inavyokaa, wakapiga mistari yote kwa rula ikutane nukta moja, kule mlangoni. Wakalainisha vivuli kwa rangi ya mafuta, hujui shavu linaishia wapi. Basi ubao ukawa na chumba ndani."

"So you can go in?" Nunu akauliza. Mtoto huyu Kiswahili anakisikia chote, lakini kujibu ni Kiingereza tu.

"Hebu nenda zako!" Zuleha akacheka.

Adhuhuri Bwana Gurmit akatoka kununua chai. Zuleha akafungua bakuli la katlesi, zile za viazi na nyama, akainua moja, akakutana na macho ya bibi. Jamani, watu wa kwetu tunajijua. Ukila mbele ya mtu, mdomo hutangulia akili.

"Karibu, bibi," akasema.

Akajicheka mwenyewe, akaiweka katlesi chini, akaenda kufuata chatne aliyoisahau kwenye mkoba. Aliporudi, katlesi haipo.

"Nunu, umeanza bila mimi?"

"Not me, Mama." Akaelekeza kidevu kwenye ubao. "She had it."

Zuleha akavuta taa. Kwenye sahani ya bibi palikuwa na katlesi, imeng'atwa nusu, imechorwa vizuri kabisa. Nyufa za rangi kuukuu zilipita juu yake, zikaendelea hadi kwenye kitambaa cha meza bila kukatika.

Akamgeukia Nunu.

"Bibi kasema kitu?" akanong'ona.

"She said, 'Karibu kwetu.'"

"Na wewe ukasemaje?"

"I said OK."

Moyo wa Zuleha ukapasuka. Kwao mtoto hukua akijua: ukikaribishwa usipotaka kwenda, husemi ndiyo wala hapana. Unasema starehe, na mwenyeji hakulazimishi. Nunu alifundishwa sura za Kurani, alifundishwa salamu. Neno hilo, katika Birmingham hii ya kila mtu na mlango wake, halikupata siku ya kufundishwa.

"My foot's cold," Nunu akasema.

Zuleha akatazama chini. Mguu mmoja ulikuwa mtupu. Akatazama ubao. Kule mbali, kwenye mlango mdogo, kilikuwa kimetokea kiatu cha pinki.

Astaghfirullah! Akaishika pamba, akakigusa kile kiatu akifute. Nunu akapiga ukelele. Akaitupa pamba. Hiki hakifutiki. Ukikifuta, umemfuta mtoto.

Sasa kule ubaoni sketi ilikuwa inatokea. Mkono. Na Nunu, pale kitini, alikuwa anapungua kina. Shavu lake halikuwa na kivuli tena. Bapa.

Zuleha alilia huku akijua la kufanya. Mtoto haitikii mwaliko penye mama yake. Mkubwa ndiye anayeitikia. Akapiga magoti, uso kwa uso na bibi.

"Starehe, bibi," akasema. "Huyu mtoto, hakujua. Nitakuja mimi."

Bibi akatabasamu.

Bwana Gurmit aliporudi na chai, alimkuta Nunu amekaa, viatu vyote viwili miguuni, bakuli tupu mbele yake. Zuleha hayupo. Mkoba upo, koti lipo. Na ubaoni kiti kilikuwa kitupu, na kule mlangoni pamesimama mwanamke, mdogo sana kwa umbali, kajifunga mtandio.

Polisi wakaja, wakatafuta, wakachoka. Mtaalamu akaupiga ubao eksirei, akasema rangi yote ni ya zamani, hakuna kilichoongezwa. Asmahan akamchukua Nunu nyumbani. Mtoto hakulia hata mara moja, akawa anakula, anakula tu.

Kabla mwenye ubao hajaja kuuchukua, Asmahan alimpeleka Nunu akauone. Mwanamke alikuwa hayuko mlangoni tena. Amevuka vigae karibu vyote. Alikuwa Zuleha, kila mshipa wa shingo umechorwa, anakimbia, mdomo wazi.

"Anapiga hodi," Asmahan akalia. "Dada yangu anataka kutoka. Nunu, mwambie mama karibu!"

Nunu akarudi nyuma hatua moja.

Ndipo Asmahan akaona mkono wa Zuleha. Haukuwa wa mtu anayebisha hodi. Kidole kimenyooshwa, na kila mstari wa sakafu ile, kila kigae, ulikuwa unakifuata kidole kuja nje ya ubao, mpaka pale aliposimama Nunu.

Mtoto akamshika Asmahan mkono.

"Starehe, mama mdogo," akasema, Kiswahili safi, sauti ya mtu mzima. "Twende nyumbani. Nasikia njaa."

Asmahan aliuchomoa mkono wake. Kiganjani ilibaki rangi nyekundu ya mafuta, nyekundu ya lile gauni la bibi, mbichi. Ameisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa dawa ile ya kufutia vanishi. Mpaka leo haijakauka.