Waliotoka Bila Kuingia

Siku ya hesabu waliingia bustanini watu arobaini na mmoja, wakatoka hamsini.

Mkaguzi wa bustani alijua idadi ya walioingia kwa sababu aliwahesabu mwenyewe. Tangu saa mbili asubuhi alikaa geti la juu, nyuma ya meza iliyotegeshewa kipande cha tofali chini ya mguu mmoja, na kila aliyepita alimbonyeza kwenye kidude cha chuma cha kuhesabia alichopewa na halmashauri: wanafunzi waliotoroka vipindi, wachumba ambao hawajaamua kuachana, mama mmoja aliyekuja kulala tu. Saa kumi na moja na nusu jioni kidude kilisema arobaini na moja. Akakitikisa, kama mtu anavyotikisa saa iliyosimama. Arobaini na moja.

Agizo lilikuwa fupi. Kila bustani ya mji ilipewa siku moja ya hesabu. Isiyofikisha wageni hamsini ingefungwa, miti ikatwe, na mahali pake pawe maegesho ya magari.

Bustani yenyewe ilikuwa ukanda mwembamba wa kijani, njia moja iliyonyooka kati ya safu mbili za miti, geti la kuingilia juu, geti la kutokea chini. Wengine waliiona kama mahali pa kukatiza tu. Kwa mkaguzi, njia ile ilikuwa mguu wa mume wake. Mwaka uliopita kiharusi kilimpiga mume upande wa kushoto, na daktari akasema atembee kila siku, mahali palipo sawa. Mtaani kwao palikuwa na mawe na mitaro. Bustanini palikuwa sawa. Kila alasiri aliifuata njia ile na fimbo yake, akiburuta mguu, mti hadi mti, na wiki hiyo alikuwa amefika mti wa kumi na mbili.

Basi mkaguzi akaandika hamsini. Miaka ishirini na mitatu ya kujaza fomu humchosha mtu mpaka kweli na uongo vinakuwa na uzito mmoja kwenye kalamu.

Ilibaki kumwomba bawabu wa geti la chini, aliyehesabu wanaotoka, aandike hamsini naye, maana idadi zisipolingana fomu hurudishwa. Bawabu huyo aliitwa Kufuli, kwa kuwa mdomo wake haukuwahi kufungwa.

"Kufuli, kaka yangu," mkaguzi alianza, akiegemea nguzo ya geti. "Nina ombi dogo. Ni kuhusu idadi."

"Hamsini," Kufuli akasema, akimwonyesha kidude chake. "Hongera, dada. Shemeji atazidi kutembea. Ila hao tisa wa mwisho! Wametoka pamoja, polepole, kama watu wanaorudi kazini kwa lazima. Nawasalimia, kimya. Nikawaambia, kama salamu ni nzito nipeni nusu. Kimya."

"Tisa?"

"Tisa. Mbona unatoa macho? Si umewaingiza mwenyewe?"

Hakuna aliyejua kwamba mkaguzi ameongeza tisa. Aliinama akatazama saruji ya getini. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi miwili, lakini palikuwa na alama za nyayo zenye tope jeusi, na tope lile lilinuka kama shimo lililochimbwa kwenda chini sana. Nyayo zilitoka nje ya geti, zikapinda kushoto. Kushoto ndiko alikokuwa anakwenda yeye, nyumbani.

"Ni wageni tu," alisema, akaweka saini.

*

Mume alikuwa kwenye kiti chake, redio imezimwa.

"Umekuja na nani?" aliuliza.

"Peke yangu. Kwani umemwona nani?"

"Sijaona. Nimesikia. Umeingia wewe, na viatu vyako vya kuchapa sakafu. Halafu wakaingia wengine, pekupeku."

"Ni masikio ya njaa hayo," mkaguzi akasema, akaenda kupika. Lakini alipotoka jikoni aliona zulia la ukumbini limelowa, na ile harufu ya shimo ilikuwa imekaa pale, imetulia, kama mgeni aliyekwisha kuonyeshwa kiti.

Kuanzia hapo nyumba ikajaa. Hawakuvunja kitu, hawakupiga kelele. Walikuwepo tu. Mlango wa chooni ulikutwa umefungwa kwa ndani, ukafunguka baada ya muda. Mkaguzi alipopita kwenye kijia cha kwenda chumbani alijikuta anapita kwa ubavu, kama anavyopita mtu kati ya watu waliosimama, na mara moja alisema "samahani" kabla hajafikiri, na hewa ikasogea kumpisha.

Mume ndiye aliyelipa. Siku ya nne hakufika mti wa kumi na mbili. Siku ya saba hakufika geti. Siku ya kumi alikaa kitandani, mguu wa kushoto umenyooka kama gogo.

"Nikwambie kitu, mama, usinicheke?" alinong'ona.

"Nani ana nguvu za kucheka humu?"

"Kuna mtu anaushika. Hauumizi. Anaukunja vidole, anaugeuza, anaingiza, anatoa. Kama mtu anayejaribu kiatu dukani."

Mkaguzi alivuta shuka akautazama mguu ule, na huku anautazama, vidole vilivyokuwa havijasogea mwaka mzima vilikunjika taratibu, kimoja baada ya kingine, kuanzia kidole cha mwisho hadi kidole gumba, vikakunjuka, na mume alikuwa amefumba macho na wala hakujua.

*

Kufuli, aliyemjua kila mtu, ndiye aliyempeleka mkaguzi kwa Msajili. Mama huyo alifanya kazi ofisi ya vizazi na vifo mpaka alipostaafu, na watu walisema ndiko alikojifunza kuwafahamu wanaotaka kuandikwa na wasiotaka kufutwa. Alimsikiliza mkaguzi mpaka mwisho, miwani imeshuka puani.

"Wachawi wanafukiza, wewe umejaza fomu," alisema. "Uliandika watu tisa ambao hawakuwepo. Hizo ni nafasi tisa wazi, mwanangu, na kuna viumbe wanaokaa karne nzima wakingoja nafasi. Wamekufuata kwa sababu ni wewe uliyewaandika. Kwao wewe ni mwenyeji."

"Mume wangu wanamtakia nini?"

"Aliyepata nafasi kwenye karatasi hutafuta nafasi kwenye mwili. Kwa mumeo kuna upande mmoja umelala. Nyumba yenye chumba kitupu, hata wewe ungebisha hodi."

"Nipe dawa, mama."

"Dawa iko ofisini kwenu. Fomu ileile, mkono uleule. Futa hamsini, andika arobaini na moja. Kesho yake saa sita mchana fungua mlango, ukae uwahesabu wakitoka. Wakitoka tisa, deki sakafu, mlale. Wakipungua, hata mmoja, niambie siku hiyohiyo, nije. Akishalala usiku mmoja ndani ya mtu bila kuandikwa popote, mimi simtoi tena, na sijui anayemtoa."

"Nikifuta, bustani inakwenda."

Msajili alivua miwani. "Hilo sasa ni la kwenu na halmashauri."

*

Mkuu wa idara waliyemwita Mhuri alikuwa na kabati lenye fomu zote za bustani za mji, na ufunguo wake aliuvaa shingoni.

"Kurekebisha?" alisema. "Dada, mimi hii nimeshaigonga. Kitu kikishagongwa mhuri kimekuwa kweli. Kwanza nani anarekebisha kwenda chini? Watu wanakuja hapa kunilamba viatu ili nirekebishe kwenda juu!"

"Niliongeza watu tisa, bosi. Hawakuwepo."

"Nani asiyeongeza?" Mhuri alipunguza sauti. "Hebu nenda nyumbani. Umechoka. Uso wako umekuwa kama wa mtu aliyehama."

Nje ya mlango, benchi la wageni likalia. Lilikuwa benchi la mbao kuukuu, na kila mtu ofisini alijua mlio wake mtu anapokaa. Likalia tena. Mhuri akaita, "Leo sipokei mtu!" Likalia mara ya tatu, ya nne, na mkaguzi, ambaye hakugeuka, alikuwa akihesabu bila kutaka, ya sita, ya saba, mpaka ya tisa, na hapo ukaja ukimya wa watu waliokaa wakasogeleana, wakaweka mikono magotini, tayari kungoja siku nzima, mwaka mzima, na chini ya mlango harufu ya shimo ikaingia taratibu, ikapanda miguu ya meza, ikafika kwenye mafaili.

Mhuri alikwenda akafungua. Benchi lilikuwa tupu. Juu ya mbao palikuwa na alama tisa za maji, zimepangana vizuri, na ya mwisho ilikuwa bado inapanuka.

Alirudi, akauvua ufunguo shingoni, akakosa tundu mara mbili. Akaisukuma fomu juu ya meza kwa ncha ya rula.

"Rekebisha. Rekebisha haraka, ya geti la chini nitairekebisha mwenyewe, halafu usinieleze."

Mkaguzi alifuta hamsini. Akaandika arobaini na moja, akaweka saini.

"Jumatatu wanafunga mnyororo," Mhuri alisema, akitazama mlango. "Unajua?"

"Najua."

*

Kesho yake saa sita mchana jua lilikuwa juu kabisa na mtaa haukuwa na kivuli hata cha paka. Mkaguzi alifungua mlango wa mbele, akaacha pazia tu, akaketi kwenye kigoda kando ya ukuta. Mume alikuwa chumbani, amelala chali. Upepo haukuwepo.

Pazia likainuka. Liliinuka kwa upande mmoja, kama linavyoinuliwa na mkono wa mtu mwenye adabu, likashuka. Mmoja. Nje, vumbi la kizingitini likaandika unyayo.

Wa pili. Wa tatu akasita kidogo. Wa nne na wa tano wakafuatana. Mkaguzi aliwahesabu kwa vidole juu ya goti lake, na kila pazia lilipoinuka alihisi nyumba inapungua uzito, ukumbi unarudi kuwa ukumbi, harufu inakwenda, wa sita, wa saba alimgusa bega akipita, ubaridi wa chuma kilicholala nje, na alibana meno asipige kelele kwa sababu Msajili hakusema kama inaruhusiwa kupiga kelele, wa nane, na hapo pazia likashuka, likatulia, na akangoja, akangoja mpaka jua likasogea kutoka kizingitini hadi kwenye kamba ya nguo za jirani, mpaka adhana ya alasiri ikapita na shule ikatoa watoto, kidole cha tisa kimenyooka gotini peke yake, na pazia halikuinuka tena.

Nane.

Ndani, kitanda kililia. Akasikia miguu ikishuka sakafuni: wa kulia, wa kushoto. Akangoja kusikia fimbo. Hakusikia fimbo. Hatua zilikuja kwenye kile kijia, sawa, hazikuburutwa, mtu mzima mwenye miguu yake miwili, zikapita jikoni, bomba likafunguliwa, likafungwa.

Mume alisimama mbele yake na glasi ya maji. Aliishika kwa mkono wa kushoto.

"Kunywa," alisema. "Umekaa hapo muda mrefu."

Sauti ilikuwa yake. Mwaka mzima maneno yalikuwa yakimtoka yamepinda. Sasa yalitoka yamenyooka. Alitabasamu, na mdomo ukaenda pande zote mbili.

"Miguu vipi?" mkaguzi alinong'ona.

"Mizuri." Aliitazama, kwanza mmoja, halafu mwingine, kama mtu anayeridhika na alichonunua. "Mizuri sana. Kuanzia leo pika ukitaka, usipotaka nitapika mimi. Wewe pumzika."

Nyuma yake sakafu ilikuwa na nyayo za maji, za mguu mmoja tu, wa kushoto.

Simu ililia mapajani mwake. Msajili hakusalimia.

"Umehesabu?"

"Nimehesabu, mama."

"Wangapi?"

Mkaguzi alimtazama mwanamume aliyesimama wima mbele yake. Alikumbuka beseni la saa kumi na moja alfajiri, mkanda wa kumnyanyulia, mgongo wake mwenyewe usiolala tena. Alikumbuka mti wa kumi na mbili, na mnyororo wa Jumatatu. Mume alichuchumaa, wepesi kama kijana, akaanza kumvua viatu, na vidole vyake vya kushoto vilikuwa baridi.

"Mwanangu," sauti ya simuni ikasema, "wangapi wametoka?"

"Tisa," alijibu, akakata simu.