Kiti Kilichounguza Bodi

Haya yalimpata shoga yangu mshonaji, lakini yananichoma mimi.

Mwanawe, dume zima lenye ndevu, alijitengenezea kiti cha kuchezea michezo ya magari ya kompyuta, kinachoyumba kwa mota za waipa kama gari la kweli. Kiti chenyewe, pamoja na mkanda wake, alikinyofoa kwenye gari lililomuua baba yake. Shoga akamwambia, "Kitoe nyumbani mwangu!" Mwanawe akacheka. Bodi za umeme zinazoendesha mota zilikuwa mbili; moja ilipoungua tena, akamtuma mama yake dukani nazo, eti yeye yuko bize. Mpumbavu!

Fundi wa duka akazigeuza zile bodi mkononi. "Bodi ya kutoa amri ni nzima, mama. Hii ya kupeleka umeme kwenye mota ndiyo imeelemewa. Chukua kubwa zaidi. Kwani wanapanda wawili?"

"Anapanda mwanangu tu, na ni mwembamba kama sindano zangu."

"Basi mimi sielewi."

Shoga akarudi akifoka njia nzima. Mwanawe akafunga bodi kubwa, akavuta mapazia, akaketi. Mota zikanguruma bila shida.

"Umeona, mama?"

"Nimeona nini? Shuka! Kiti hiki nakitupa sasa hivi!"

Akachomoa waya ukutani. Skrini ikazimika, chumba kikawa giza, mota zikanyamaza. Mwanawe akainuka akinuna, akaja kusimama kando yake.

Hapo ndipo wote wawili wakasikia mkanda wa kile kiti ukivutwa, polepole, mpaka kifungo chake kikalia: ka!